Vifaa vya kisasa vya uvuvi: ni vipya kweli au vya zamani vilivyoboreshwa?



Hapa Mbezi Luis nina vijana waliopata faida kwenye mboga na kuku, sasa wanataka kuweka hela kwenye uvuvi. Kunduchi siyo mbali, Kigamboni nako kunafikika. Tatizo ni kwamba wakiingia dukani kila kifaa wanaambiwa ni teknolojia mpya, na bei nayo inapanda kwa jina hilo. Wananiuliza: hivi ni vipya kweli?

Kipimo changu ni kimoja. Je, kifaa hiki kinafanya kazi ambayo zamani haikuwezekana kabisa, au kinafanya kazi ileile kwa wepesi zaidi? Pawatila ni nzuri, lakini inapindua udongo kama jembe lilivyokuwa likipindua. Hilo ni boresho. Tuvipime vifaa vya uvuvi hivyo hivyo.

1. Ndoana na mshipi

Hapa hakuna upya wa kutisha. Kwenye pango moja huko Okinawa, Japani, zilipatikana ndoana za magamba ya konokono wa baharini zenye umri wa miaka 23,000 hivi. Ya leo ni ya chuma, ina makali zaidi, ila kazi ni ileile. Hata ndoana za duara zinazosifiwa sana siku hizi, watu wa visiwa vya Pasifiki walizichonga kwa mifupa na magamba zamani sana. Kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi nacho kimo kwenye mchoro wa Kichina wa karibu mwaka 1195. Nunua kilicho imara, usilipie jina.

2. Nyavu za nailoni

Hizi ni nusu kwa nusu. Wavu wenyewe ni wa kale, uzi ndio mpya. Nyavu za pamba zilikuwa zinaoza, ilibidi zianikwe kila mara na kulowekwa kwenye maji ya magome ya mikoko ili zidumu. Nailoni iligunduliwa kwenye maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1935, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imeanza kutumika Ziwa Victoria. Haiozi, na mvuvi akapata muda mwingi zaidi wa kuvua.

Ila sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Wavu wa pamba ukipotea majini unaoza na mambo yanaisha. Wa nailoni unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewauza. Na zile nyavu za timba, za uzi mmoja unaong'aa, zinavutia kwa bei lakini ni marufuku kwa sheria zetu. Ukikamatwa nazo mtaji wako unateketezwa. Usiingie huko.

3. Taa za sola

Wavuvi wa dagaa wamevua kwa mwanga miaka mingi kwa karabai za mafuta ya taa. Taa ya sola haijaleta mbinu mpya, kwani dagaa wanafuata mwanga kama zamani. Lakini gharama ya mafuta ya kila usiku inaondoka. Kumbe boresho dogo linaweza kukulipa kuliko kifaa kipya kabisa. Kwenye biashara usidharau maboresho.

4. Kifaa cha kuonyesha samaki na GPS

Hapa ndipo penye upya wa kweli. Zamani mvuvi alipima kina kwa chubwi, na mwamba wake aliukumbuka kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, labda mnara wa msikiti na mnazi mrefu. Usiku au mbali na pwani alama hizo hazionekani. GPS inakurudisha palepale hata gizani. Na mwaka 1948 kampuni ya Furuno ya Japani ilianza kuuza kifaa kinachotuma sauti chini ya maji na kuonyesha samaki walipo. Chubwi haikuweza hilo hata siku moja.

Lakini kiukweli, kifaa hiki kinaonyesha samaki, hakizalishi samaki. Miamba iliyokuwa inajulikana na wazee wachache ndiko samaki walikopumzika na kuzaana. Kila boti ikiweza kuiona, samaki hawana pa kujificha. Mwaka wa kwanza utafurahi, baadaye mtagombania wadogo.

5. Mwanya kwenye dema

Huu ndio ubunifu ninaoupenda zaidi, na hauna betri. Kenya, watafiti wa KMFRI na WCS walijaribu mitego ya dema, kule wanaita malema, iliyoachwa mwanya mwembamba ubavuni. Samaki wadogo wanapita na kuondoka, wakubwa wenye bei wanabaki. Dema ni la mababu, lakini sasa linachagua. Dema la kawaida halikuwa linaweza hivyo, kwa hiyo kwa kipimo changu hiki ni kitu kipya.

Kabla hujatoa hela, jiulize:

- Kitapunguza gharama gani, au kitaongeza kilo ngapi kwa safari? Andika kwenye daftari, usikadirie kichwani.
- Kinaruhusiwa? Muulize afisa uvuvi wa eneo lako kuhusu leseni na ukubwa wa macho ya nyavu kabla ya kununua, siyo baada.
- Wavuvi wote wa bandari yako wakinunua kifaa hichohicho, mkopo wako utakuwa bado unalipika?

Swali la tatu ndilo vijana wengi wanaliruka. Shambani ukiongeza mbolea, mavuno ni yako peke yako. Baharini mnavuna shamba moja wote, na hakuna anayepanda. Kwa hiyo, kwa mtaji mdogo, ningeanza na ndoana imara, taa ya sola na kasha zuri la barafu, na kama unatega dema, liwe na mwanya. Kifaa cha kuonyesha samaki nunueni kwa kikundi, tena mkishakubaliana miamba ipi mtaiacha ipumzike.