Gia Zisizogusana

Yeyote aliyepata kusimama kando ya giaboksi iliyofunguliwa, akaitazama grisi iliyogeuka nyeusi kwa unga wa chuma uliolika kutoka katika meno yenyewe, hatastaajabu kusikia kwamba wahandisi wametamani tangu zamani gia zenye kupokezana nguvu pasipo kugusana. Hataza ya gia ya sumaku ilitolewa Marekani mwaka 1901. Lakini sumaku za kudumu za zama zile zilikuwa dhaifu, na magurudumu mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu, ni ncha chache tu zikaribianazo, ilhali zilizosalia hukaa bure zikingoja zamu.

Mambo yaligeuka baada ya sumaku za neodimiamu kudhihiri katika miaka ya 1980, na hasa mwaka 2001, Kais Atallah na David Howe wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walipoeleza muundo unaozishirikisha sumaku zote kwa pamoja. Hapo pana pete tatu juu ya mhimili mmoja: ya ndani na ya nje zimepambwa sumaku, na baina yao pamesimama vipande vya chuma vilivyoachana. Vipande hivyo, ambavyo mtu angevidhania kuwa pazia tu, ndivyo siri ya mtambo mzima, maana huukatakata uga wa sumaku za ndani na kuusuka upya, hata ukifika upande wa pili huwa kana kwamba umetoka katika ncha nyingi zaidi. Sharti ni kwamba idadi ya vipande iwe jumla ya jozi za ncha za pete mbili: mathalani, jozi 4 ndani na 22 nje hutaka vipande 26, na vipande vikitulizwa, pete ya ndani huzunguka mara 5.5 ili ya nje izunguke mara moja, tena kwa kinyume. Wapo wapendao 23 badala ya 22, kwa kuwa hesabu zisizogawanyika pamoja hupunguza kushtukashtuka kwa mwendo. Ila vipande huwa 27, na witiri huo huleta mvuto wa kuuelemeza mhimili upande mmoja.

Mzigo ukizidi, halivunjiki jino, kwani jino halipo: gia huteleza tu, na mzigo ukiondolewa na mwendo ukatulizwa, hushikana tena.

Hata hivyo, hesabu na chuma si ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2005 Peter Omand Rasmussen na wenzake, huko Denmark, walitangaza habari za gia yao ya uwiano wa 5.5, ambayo kwa hesabu ilistahili kutoa nyutoni-mita 27. Ilipopimwa ikatoa 16. Gia ilikuwa fupi, na uga mwingi ulivujia miishoni, mahali ambapo hesabu ya mkato bapa haipaoni. Ufanisi nao ulikuwa asilimia 81, kwani nguvu nyingi ilipotea kwa usumaku ndani ya beringi, mojawapo ikiwa imeongezwa bila kupangwa tangu awali. Tena waliona kuwa gia hii hujipinda kama mpira, si kama fimbo, hivyo aifungaye hana budi kuupigia hesabu mtambo wote itakamofungwa. Pasipo hasara zile, walikadiria, ufanisi ungefika asilimia 96. Lakini hiyo 96, kama ile 27, ilikuwa bado ya karatasini.