Matuta ya Mchanga ya Shela: Uwanja wa Vita na Hazina ya Maji

Katika kisiwa cha Lamu, kuanzia kijiji cha Shela na kufuata ufuo wa kusini kwa takriban kilomita 12, umetanda ukanda wa matuta ya mchanga ambao wengi huuona kuwa ni ardhi tupu isiyo na kazi. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa serikali na wakazi kwamba ardhi hiyo ina kazi mbili kubwa. Kwanza, ni uwanja wa vita vilivyobadili historia ya pwani. Pili, ni chanzo cha maji matamu yanayotumiwa Shela na katika mji wa Lamu. Kazi hizo mbili hazitengani, kwani anayeharibu moja huiharibu na ya pili.

VITA VYA SHELA

Karibu mwaka 1812, jeshi la Mombasa chini ya watawala wa Kimazrui, likishirikiana na washirika wao wa Pate, liliteremka Shela kwa nia ya kuitia Lamu chini ya mamlaka yao. Waamu walitoka kuwakabili, na mapambano yakawa katika matuta na ufuoni. Kwa mujibu wa mapokeo ya Waamu, wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekwama mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Wengi waliuawa hapo hapo.

Ushindi huo haukuwaondolea Waamu hofu ya kulipiziwa kisasi. Kwa hiyo waliomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Oman, naye akakubali na kumtuma liwali wake. Ngome inayoonekana hadi leo katikati ya mji wa Lamu ilimalizika kujengwa karibu mwaka 1821. Tangu hapo nguvu za Oman zilizidi kuenea katika pwani, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui huko Mombasa ukakoma. Hivyo basi, jambo lililotokea katika mchanga wa Shela kwa muda mfupi lilikuwa na matokeo yaliyofika mbali na kisiwa hiki.

KWA NINI MANDHARI YENYEWE IHIFADHIWE

Uwanja wa vita haufanani na msikiti wa kale au ngome, ambavyo kuta zake huonekana na kila mtu. Ushahidi wake ni umbo la ardhi: mahali vyombo vilipoweza kutia nanga, mahali watu walipoweza kujificha, na njia ya kurudi ufuoni. Matuta yakisawazishwa au kuzibwa kwa majengo, mapokeo yatabaki kuwa maneno matupu, kwa kuwa kijana atakayeyasikia hatakuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Aidha, kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba upepo ukihamisha mchanga hufukua mifupa ya waliouawa. Mifupa hiyo ni ya binadamu, na inastahili heshima apewayo maiti yeyote. Kuiokota, kuichezea au kuifanya kumbukumbu ya safari ni kinyume cha dini na cha ada njema. Vilevile, kitu cha kale kikishaondolewa mahali kilipolala hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, maana mtaalamu husoma mahali pamoja na kitu chenyewe.

MAJI YALIYO CHINI YA MCHANGA

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Mvua inyeshapo juu ya matuta hupenya upesi, ikachujwa na mchanga, kisha ikakusanyika chini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu yake bila kuchanganyika sana. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba maji hayo yakipungua kwa nusu mita tu, mpaka wa maji ya chumvi waweza kupanda kwa takriban mita 20.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu huleta hatari: kuchota mchanga kwa ajili ya ujenzi, kujenga juu ya matuta, na kuvuta maji kupita kiasi. Mchanga ukiondolewa, chujio na ghala la maji hupungua. Nyumba zikijengwa, mashimo ya vyoo huingiza uchafu katika maji yale yale yanayonywewa. Maji yakivutwa mno, kisima huingia chumvi, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona.

SHERIA NA WAJIBU

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu yeyote agunduaye kitu cha kale kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya katika muda wa siku 7. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 nayo inataka athari za miradi mikubwa kwa mazingira zichunguzwe kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo inafaa mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mkazi aonaye mifupa au vyombo vya kale asiviguse, bali akumbuke mahali hapo na kuwaarifu maofisa wa Makumbusho katika mji wa Lamu.

2. Mjenzi na mwenye punda wa kubeba mchanga wahakikishe kwamba mchanga wao hautoki katika matuta.

3. Mnunuzi wa kiwanja, kabla ya kutoa fedha, aulize katika ofisi za ardhi na za mazingira kama kiwanja hicho kimo katika eneo la matuta.

4. Mtumishi wa serikali apokeaye maombi ya kujenga asitazame ramani ya kiwanja peke yake, bali atazame pia visima vilivyo karibu.

Nyumba yaweza kujengwa mahali pengine, na mchanga wa ujenzi waweza kuletwa kutoka kwingine. Lakini uwanja wa vita hauhamishwi, na kisiwa hakina chanzo kingine cha asili cha maji kinacholingana na hiki. Kila mmoja anahimizwa kuyatunza matuta ya Shela kama atunzavyo kisima cha nyumbani kwake.