Pumzi Katika Filimbi ya Takemitsu

Aghalabu mwanafunzi wa filimbi hufunzwa kuificha pumzi yake. Mlio sharti uwe safi, msikilizaji asijue kwamba kuna mapafu yanayotaabika nyuma yake. Kwa mwalimu mwenye imani hiyo napendekeza rekodi ya Robert Aitken, mpiga filimbi wa Kanada, ya kazi za Mjapani Toru Takemitsu (1930–1996).

Sikiliza "Voice", utungo wa mwaka 1971. Mpigaji yu peke yake. Anavuta hewa kwa kishindo, ananong'ona, anafoka ndani ya filimbi, maneno na sauti vikigombania tundu moja. Jirani yangu aliuliza ni nani waliokuwa wakiteta.

Wako watakaosema hizi ni fujo za usasa tu. Sikubaliani nao. Katika shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Wajapani, mvumo wa hewa ni sehemu ya muziki, si taka ya kufagiliwa. Takemitsu aliuhamishia mvumo huo kwenye filimbi ya madini iliyotoka Ulaya.

Hakufika hapo kwa urahisi. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 14, alipelekwa kufanya kazi katika kambi ya jeshi. Baada ya vita, muziki wa kijadi wa kwao ulimkumbusha machungu hayo, naye akaukimbia, akawasikiliza Wafaransa, hasa Debussy na Messiaen. Ilipita miaka kabla hajarudi nyumbani kimuziki. Mwaka 1967, katika "November Steps", aliiweka shakuhachi mbele ya okestra ya New York.

Ndiyo maana "Voice" hainukuu wimbo wowote wa kale. Sisi tumezoea kudhani kwamba kuuenzi utamaduni ni kuuchukua wimbo wa babu na kuupachika kwenye gitaa. Huyu hakuchukua wimbo. Alichukua namna ya kupumua. Nani kati ya walimu wetu huwadai wanafunzi kazi ngumu kiasi hicho?

Kisha kuna "Air", ya 1995, iliyotungwa miezi michache kabla ya kifo chake Februari 1996. Humo hakuna kufoka. Mlio unapanda, unasita, unanyamaza kitambo, nacho kimya kinasikika kama noti. Kiswahili chetu kimeziweka pumzi na pumziko katika mzizi mmoja. Mwalimu atakayeicheza darasani asikimbilie kuzima mashine baada ya noti ya mwisho.