Nyumba Nne Zilizopotea Kwenye Hesabu

(MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Tunawajia kutoka Kampala. Leo tunazungumzia hesabu. Usizime redio! Hesabu hii inaweza kuamua kama tangazo la siku ya chakula litakufikia au litakupita.

Tuchukue mfano. Kijiji kina nyumba 200. Viongozi wameuliza nyumba 20: habari za mgao mnazipata kwa njia gani? Nyumba 12 zimesema redio. Nyumba 9 zimesema simu. Mtu mwenye haraka atajumlisha 12 na 9, apate 21, kisha aseme, "Basi, wote wanapata habari." Ngoja kidogo. Zimeulizwa nyumba 20. Hiyo ya 21 imetoka wapi?

Ni hivi: nyumba 5 zina redio na simu pia, kwa hiyo zimehesabiwa mara mbili. Toa 5 kwenye 21, zinabaki 16. Nyumba 4 hazina redio wala simu, na hesabu ya haraka ilikuwa imezificha.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Kuhesabu mtu mara moja tu ni jambo kubwa. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walipohakiki wakimbizi wote Uganda kwa alama za vidole. Kabla ya hapo, idadi iliyoandikwa ilikuwa kama milioni 1.4. Uhakiki ulipokwisha mwezi Oktoba, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1.

Uhakiki ule ulitaka kila mtu afike. Kijijini kwetu tumeuliza nyumba 20 tu. Je, zinatuambia nini juu ya zile 200? Nyumba 4 kati ya 20 ni sawa na 1 kati ya 5, yaani asilimia 20. Huo ndio uwezekano. Kwa nyumba 200, tunakadiria nyumba 40 hazipati tangazo.

Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, nyumba zichaguliwe kwa kura. Andika namba za nyumba zote kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye sufuria, changanya, toa 20. Ukienda kuuliza kwenye kibanda cha kuchaji simu, utawakuta wenye simu tu, na wale unaowatafuta hutawaona.

La pili, sema "karibu 40," usiseme "40 kamili." Hapa kila nyumba uliyouliza inasimama kwa niaba ya nyumba 10. Kura ingeangukia nyumba moja tofauti, jibu lingeweza kuwa 30 au 50. Ukiuliza nyumba nyingi zaidi, kadirio linakaribia ukweli.

Hata hivyo, kadirio hilo linatosha kufanya kazi. Viongozi wanajua sasa kwamba redio na simu hazitoshi. Mtu apite na kipaza sauti, nyumba kwa nyumba.

Siku nyingine ukiletewa takwimu kwenye mkutano, nyoosha mkono uulize: Mliuliza wangapi? Mliwachaguaje? Kuna aliyehesabiwa mara mbili? Ni haki yako kuuliza.

Na leo, mpashe habari jirani asiye na redio. Kwaherini, tuonane kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA)