Mafunzo Kwanza, Mashine Baadaye



Katika wilaya yetu ya Rusizi hakuna kazi ya kiwandani isiyopitia kwenye chumba cha vipimo. Saruji ya Bugarama, ambayo kiwanda chake kilianza kazi mwaka 1984, haiwezi kufungwa kwenye mifuko kabla haijapimwa. Viwanda vya chai hupima unyevu wa chai iliyokaushwa, viwanda vya mpunga hupima unyevu wa punje, na kwenye vituo vya kuoshea kahawa kipimo ndicho kinachosema kama kahawa imekauka au bado. Chumba hicho huitwa maabara. Mchana wengi wetu tunakipita mlangoni tu, tukijua kwamba mambo ya humo ni ya wakubwa. Lakini usiku, mwenye kazi akiwa mgonjwa au amekwenda likizo, mlango hufunguka ghafula na mmoja wetu huitwa: "Wewe njoo, bonyeza hapa, halafu uandike namba itakayotokea."

Hapo ndipo tunapotaka kusema na ninyi leo.

Vijana wetu waliovuka msitu wa Nyungwe kwenda kusoma sayansi Huye, na wengine waliofika mpaka Nairobi, wanajua jambo ambalo viwandani halijulikani sana. Katika maabara ya chuo, cheo hakimruhusu mtu kugusa mashine. Kinachomruhusu ni mafunzo.

Chanzo chake ni gharama. Darubini ya elektroni, kwa mfano, huweza kununuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kununuliwa kwa ajili ya mtu mmoja, basi idara nyingi hukitumia kwa zamu. Pale Nairobi, maabara ya pamoja iitwayo BecA ilifunguliwa rasmi mwaka 2010 katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ikakusudiwa kuwahudumia watafiti wa nchi nyingi, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwamo. Watu wengi kiasi hicho wakishika chombo kimoja, bila sheria kitakufa mapema, au kitamuua mtu.

Sheria zenyewe ni rahisi kueleweka. Mgeni kwanza huelezwa hatari za chombo na namna ya kukizima. Halafu humtazama fundi akikitumia. Halafu hukitumia mwenyewe huku fundi akimtazama. Fundi akiridhika, wote wawili hutia sahihi, na jina la mgeni huingizwa katika orodha ya walioruhusiwa. Kuanzia hapo anaweza kuomba saa yake ya zamu. Kila anapomaliza huandika katika daftari la chombo: jina, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, kitu alichopima, na hitilafu yoyote aliyoiona. Ni marufuku kumwazima mwenzake ufunguo. Akikaa muda mrefu bila kukitumia chombo, hufundishwa tena. Na profesa ambaye hakufundishwa hukaa nje kama mwingine yeyote, maana mwenye mamlaka juu ya chombo ni yule fundi.

Hatusemi kwamba huko ni peponi. Foleni huwa ndefu, na mara nyingine fundi hugeuka mfalme mdogo wa chumba chake. Tena vyuo vikubwa vya dunia vimeumia pale sheria zilipobaki kwenye karatasi. Tarehe 29 Disemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa maabara mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano dawa inayowaka mara inapokutana na hewa. Sindano ikaachana, dawa ikamwagika na moto ukashika nguo zake. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, wakaguzi wa kazi wa jimbo hilo waliingia, wakaandika makosa ya mafunzo na ya mavazi ya kinga, na wakakitoza chuo faini ya zaidi ya dola 31,000. Mwaka 2011 waendesha mashtaka waliwashtaki chuo na profesa wake. Kesi hizo ziliishia kwa makubaliano, ya chuo mwaka 2012 na ya profesa mwaka 2014.

Aprili 2011 ikafuata ajali ya Chuo Kikuu cha Yale. Mwanafunzi alikuwa peke yake usiku katika karakana ya maabara ya kemia, mashine ya kukereza chuma ikashika nywele zake na kumuua. Mafundi wetu wa karakana wanaijua mashine hiyo vizuri. Wakaguzi wa serikali waliona kasoro katika kinga za mashine, lakini walisema hawana mamlaka juu ya kifo kile, kwa kuwa marehemu hakuwa mfanyakazi. Baada ya ajali chuo kilipunguza saa za kutumia karakana na kuweka wasimamizi.

Sisi ni wafanyakazi, na sheria za kazi zinatuhusu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2018, unataka wafanyakazi na wajumbe wao wapewe mafunzo ya usalama mahali pa kazi. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba namba 115 wa mwaka 1960 unahusu mionzi, na unasema anayefanya kazi hiyo aelekezwe vya kutosha kabla ya kuianza na wakati akiendelea nayo. Ndugu zetu wa saruji waliangalie neno hilo, maana viwanda vingi vya saruji vya siku hizi hupima unga kwa mashine ya eksirei.

Lakini sahihi ile ya chuoni ina faida nyingine. Mwenzetu mmoja, katika kiwanda ambacho hatutakitaja, aliitwa usiku kushika tanuri la kupimia unyevu. Asubuhi tanuri lilikutwa limeharibika, naye akaambiwa ni yeye aliyeliharibu. Hapakuwa na daftari la kuonyesha nani alilitumia kabla yake, wala karatasi ya kuonyesha kwamba hakuna aliyemfundisha. Alilipa. Mwingine alipima chai miaka mingi kwa ustadi, lakini kwenye orodha ya mishahara aliendelea kuitwa kibarua, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba anaijua kazi hiyo. Wote wawili karatasi moja yenye sahihi mbili ingewasemea.

Basi katika mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe aombe kuliona daftari la maabara ya kiwanda chake. Atazame majina ya waliofundishwa, tarehe zao na sahihi ya aliyewafundisha. Kisha aulize: saa nane za usiku, ufunguo wa chumba hicho huwa mfukoni mwa nani?