Shule ya Siri ya Wanyama: Ndoto ya Sinema na Kazi ya Jasho

Kila kijana aliyekulia karibu na kibanda cha video mjini Kampala anaifahamu hadithi hii. Mlimani, mbali na macho ya watu, ipo shule isiyo na kibao mlangoni. Mwalimu wake ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Wanafunzi huapa kutotoa siri, na kila mmoja hupewa mnyama wake: huyu chui, yule nyoka, mwingine korongo. Baada ya miaka ya mateso, roho ya mnyama humwingia mwanafunzi, naye hushuka mlimani akiwa hashindiki.

Hadithi hiyo ilienezwa hasa na filamu za Hong Kong. Mwaka 1978 kampuni ya Shaw Brothers ilitoa filamu iitwayo The Five Deadly Venoms, iliyoongozwa na Chang Cheh. Humo, mwalimu aliye karibu kufa anamtuma mwanafunzi wake wa mwisho awatafute watano waliomtangulia. Mmoja alifundishwa mapigano ya tandu, wa pili ya nyoka, wa tatu ya nge, wa nne ya mjusi na wa tano ya chura. Walifunzwa wakiwa wamevaa barakoa, hata baadhi yao hawajuani kwa sura. Wamo waliogeuka kuwa wauaji, na yumo aliye askari wa polisi. Shule hiyo ni ya kubuni, lakini swali lake ni la kweli: nguvu iliyofundishwa gizani, ni nani atakayeisimamia itakapotoka nje?

Kwa Waganda, mtu kufungamana na mnyama si jambo geni. Kila Muganda huzaliwa katika ukoo wenye muziro wake. Wapo wa Ngo, yaani chui. Wapo wa Mpologoma, yaani simba. Wapo wa Njovu, yaani ndovu. Na wapo hata wa Nsenene, yule panzi mtamu ambaye wenye ukoo huo hawamli. Lakini muziro haumpi mtu kucha wala meno. Humpa ndugu, na humpa wajibu: asimle mnyama wake, asioe katika ukoo wake, amzike mwenziwe. Hata ushindani wa koo hufanyika hadharani. Katika mashindano ya kandanda ya koo za Buganda, Panzi anaweza kumfunga Simba mbele ya umati wote, na hakuna anayeuliza habari za uchawi.

SHAOLIN YA WAKALIGA

Ndoto ya shule ya siri ilipata makao yake ya Kiganda katika mtaa wa Wakaliga, mmojawapo wa mitaa ya watu wa kipato cha chini katika tarafa ya Rubaga, Kampala. Hapo ndipo Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatuaji matofali, alipoanzisha mwaka 2005 kampuni ya Ramon Film Productions. Utotoni mwake filamu nyingi hakuziona kwa macho. Alizisikia kwa masimulizi ya kaka zake waliotoka kuzitazama. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipande vya hapa na pale, na bunduki za kuigizia zilitengenezwa na fundi Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu.

Filamu yao iliyovuma zaidi, Who Killed Captain Alex?, ilitoka mwaka 2010, na inasemekana gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Kapteni Alex wa jeshi anatumwa kulitokomeza genge liitwalo Tiger Mafia, ambalo limejipa jina la chui-milia, mnyama asiyeishi katika pori lolote la Afrika. Kapteni anauawa, na ndugu yake Bruce U, mtawa wa Shaolin ya Uganda, anaapa kulipiza kisasi. Juu ya picha husikika sauti ya VJ Emmie, akieleza na kutania, kama ilivyo desturi ya vibanda vya Kampala.

Watazamaji hucheka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini aliyeigiza kama Bruce U ni mwalimu wa kung fu kwelikweli, na watoto wa Wakaliga wamejifunza kwake. Hawakupanda mlima wala hawakula kiapo. Walijifunza uani, mchana, majirani wakiwatazama.

MNYAMA ANAFUNDISHA NINI?

Nchini China kweli zipo namna za mapigano zilizotokana na wanyama. Wanaotajwa sana ni watano: chui-milia, chui, nyoka, korongo na joka la hadithi. Asili yake ni kazi ya macho. Korongo husimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, na mwanafunzi humwiga ili apate mizani. Chui-milia humfundisha kukaza vidole na mikono, chui humfundisha wepesi, na nyoka humfundisha ulaini wa mwili na pumzi iliyotulia.

Kabla ya hayo yote, mwanafunzi husimamishwa kama aliyepanda farasi, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, mpaka mapaja yatetemeke. Siku ya pili hurudia, na ya tatu vilevile. Askari aliyepitia kwata anaijua siri hiyo bila kuambiwa: mwili hutii kwa kurudiarudia.

HATARI YA KUAMINI ROHO

Madhara huanza pale mtu anapoacha mazoezi na kushika miujiza. China yenyewe iliyaona hayo kwa machozi mwaka 1900. Vijana wa vijijini, waliochoshwa na ukandamizaji wa wageni, walijiunga katika vikundi vya mapigano ya ngumi wakiamini kwamba mizimu ikiwaingia, risasi haitawadhuru. Bunduki za majeshi ya kigeni zikawafyeka.

Uganda nayo ina jeraha la namna hiyo. Mwaka 1986, katika nchi ya Waacholi, Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, aliunda jeshi alilolipa jina la Roho Mtakatifu. Wafuasi wake walipakwa mafuta wakiambiwa kuwa risasi hazitawapenya, na kwamba mawe watakayoyarusha yatalipuka kama mabomu. Nyuki na nyoka walihesabiwa kuwa washirika wao vitani. Walisonga kusini hadi karibu na Jinja, na huko wakavunjwa mwishoni mwa mwaka 1987. Vijana wengi hawakurudi kwao. Alice mwenyewe alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007.

Nyuki hakuwa na kosa katika hayo, wala nyoka. Kosa lilikuwa kumwambia kijana kwamba mnyama atapigana badala yake.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto anayeruka uani akijiita Chui hana haja ya kukemewa. Mchezo humjenga mwili, na kumtazama mnyama kwa makini ni elimu. Lakini siku atakapoomba kwenda kwa mwalimu wa mapigano, yafaa mzazi aende naye, akaulize mambo machache. Je, mafunzo hufanyika mahali ambapo wazazi huruhusiwa kukaa na kutazama? Je, mwalimu anajulikana kwa majirani na kwa viongozi wa mtaa? Je, mwanafunzi hufundishwa kwanza kujizuia, au hufundishwa kupiga tu? Na je, ameambiwa asiseme nyumbani anayoyaona huko?

Mwalimu mwema huyajibu maswali hayo bila kukasirika. Yule anayedai kiapo cha siri, anayeuza hirizi, au anayemwahidi mtoto kwamba kisu hakitamkata, huyo aachwe mara moja, na habari zake zifikishwe kwa wenye mamlaka.