VIDONGE VISIACHWE GHAFLA
Tezi ndogo zinapolala, homa ya kawaida yaweza kuua

Juu ya kila figo la binadamu imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi mbili hutengeneza homoni ya kotisoli, ambayo huuwezesha mwili kustahimili homa, majeraha na upasuaji. Zikishindwa kazi, na mgonjwa asipate dawa ya kushika nafasi yake, homa ndogo yaweza kumwua kwa muda wa saa chache.

Ugonjwa wa tezi hizi ulielezwa mwaka 1855 na Daktari Thomas Addison wa London, nao hadi leo huitwa kwa jina lake. Baadhi ya wagonjwa wake tezi zao zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu.

Lakini chanzo kinachowagusa watu wengi zaidi ni vidonge. Mtu anayemeza prednisoloni kwa miezi mingi, kwa sababu ya pumu au maumivu ya viungo, tezi zake hulala, maana mwili unapata homoni kutoka nje. Akijiona amepona akaviacha kwa siku moja, tezi haziamki papo hapo. Hata krimu kali za kujichubua zenye dawa za jamii hiyo zaweza kuleta madhara hayo.

Dalili za awali ni uchovu usiokwisha, kukonda, na kizunguzungu mtu anaposimama. Mwenye ugonjwa wa Addison aghalabu hutamani chumvi, na ufizi wake na mistari ya viganja huwa myeusi kuliko kawaida. Hatari yenyewe ikifika, mgonjwa hutapika, tumbo humwuma, hulegea, huchanganyikiwa, na mwisho huzirai. Ni rahisi kudhani kuwa ni malaria tu.

Tiba haingoji majibu ya maabara. Mtu mzima hupigwa sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100, mshipani au msulini, na kutiwa dripu ya maji ya chumvi, kiasi cha lita 1 katika saa ya kwanza. Kisha hutafutwa na kutibiwa kilichoamsha hatari hiyo.

Kinga imo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Vidonge visiachwe ila kwa kupunguzwa polepole na daktari. Mgonjwa akipata homa, dozi huongezwa mara 2 au 3 kama alivyoelekezwa. Akitapika, apelekwe hospitali mara moja. Kabla ya upasuaji, kung'olewa jino au kujifungua, daktari aarifiwe. Vivyo hivyo aarifiwe kabla ya kuanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwa kuwa huimaliza kotisoli upesi mwilini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mgonjwa awe na kadi mfukoni inayotaja ugonjwa wake na dawa anazotumia, na kila mtu wa nyumbani ajue ilipo. Siku atakapokuwa hawezi kusema, kadi hiyo itasema kwa niaba yake.